Namna ya Kumtoa Shemeji Pichani Asichungulie Dirishani

Mama alifika studio saa nne asubuhi, kanga begani, simu mkononi, na alikataa kiti mpaka nilipomsogezea mara ya pili. "Mwangaluka, baba," alinisalimu, na wala hakungoja niitikie sawasawa. "Ile picha ya Jumamosi, yule mtu ulimtoa au hukumtoa?"

Nilimtoa. Ilikuwa picha ya mahafali ya binti yake. Binti katikati na joho lake, mama kushoto, na kulia baba wa binti, ambaye mama ameachana naye kwa talaka na kwa maneno mengi. Mama alitaka picha ya watu wawili ya kuwatumia ndugu. Nikakata upande wa kulia, nikaongeza mwanga kidogo usoni, nikahifadhi, nikamtumia kwa WhatsApp kama dokumenti ili ubora usipungue. Naye akaipeleka kwa mdogo wake Mwanza vilevile ilivyo. Mdogo mtu akaihifadhi kwenye kompyuta ya kazini. Kabla hajaibofya, kwenye ile safu ya picha ndogondogo, aliona watu watatu. Alipobofya, aliona wawili. Akapiga simu papo hapo: "Dada, mbona shemeji huku nje yupo, ndani hayupo?"

Mama hakucheka, na mimi sikucheka. Mtu akikuomba umtoe mtu pichani amekuamini kwa jambo zito kuliko rangi na mwanga, na ukimrudishia picha yenye mlango wa nyuma umemvunjia heshima mbele ya ndugu zake. Kwa hiyo nimewaandikia mafundi picha wenzangu mwongozo huu, kuanzia wenye studio za karibu na stesheni ya Tabora hadi vijana wanaozunguka na kamera shingoni kwenye sendofu za Isevya na Ng'ambo. Anayepiga kwa simu tu na kukata picha kitandani naye asome.

Hatua ya kwanza ni kumwamini mdogo mtu wa Mwanza. Mteja akisema anamwona shemeji, shemeji yupo. Usimwambie aizime kompyuta aiwashe, usimwambie ni mtandao, na usimfungulie picha kubwa ukamwonyesha kwa kidole kwamba watu ni wawili. Yeye anazungumzia picha nyingine kabisa. Katika faili lile lile ulilomtumia mlikuwa na picha mbili, na wewe ulihariri moja.

Faili la JPEG linalotoka kwenye kamera ni kama nyumba yenye baraza. Ndani ndimo ilimo picha yenyewe. Barazani kamera huweka maelezo yanayoitwa Exif: aina ya kamera, siku na saa, kasi ya kufunga lenzi, na kwenye simu nyingi hata mahali ulipokuwa umesimama. Kanuni za Exif zilitungwa Japani na kutolewa mwaka 1995, na waliozitunga walikuwa na sababu nzuri. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito za akili, na ungengoja sana kama kila picha kubwa ingefunguliwa nzima ili ionekane kwenye kioo kidogo cha nyuma. Wakaamua picha ndogo ikae tayari barazani, ya pikseli 160 kwa 120, inayofunguka kufumba na kufumbua. Baraza lote hilo halizidi kilobaiti 64. Hicho ndicho kijipicha, nacho hutengenezwa sekunde ile ile unapobonyeza kitufe, kabla hujajua kama kuna mtu wa kutolewa.

Kitoe siku moja ukitazame. Kijipicha cha mahafali nilikitoa mbele ya mama, nikakikuza mpaka kikajaa kioo. Kilikuwa na mstari mweusi juu na mwingine chini, kwa sababu kamera yangu hupiga picha pana kuliko kipimo cha kijipicha, nayo huziba pengo kwa weusi. Joho la binti lilikuwa doa la buluu. Mama alikuwa kitu cha rangi ya chungwa chenye kichwa. Baba hakuwa na macho wala mdomo, maana uso wake wote haukuzidi vipikseli vichache. Ila alikuwa amesimama vile anavyosimama siku zote, bega moja chini, mkono mfukoni. Mama alimtambua kabla sijamaliza kukuza. Uso si lazima uonekane ndipo mtu ajulikane na watu walioishi naye.

Sasa, unapokata picha na kuhifadhi, programu huandika upya kilicho ndani ya nyumba. Programu makini hubomoa na baraza pia, ikatengeneza kijipicha kipya kutokana na picha iliyokatwa. Nyingine hubeba Exif nzima kutoka faili la zamani na kuibandika kwenye jipya bila kugusa kitu, kwa nia njema ya kukuhifadhia tarehe na aina ya kamera. Kijipicha cha zamani nacho husafiri humo humo. Programu niliyotumia Jumamosi ilikuwa ya namna hiyo.

Sisi watu wa huku tulipaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine, kwa kuwa mji wetu ulikua kwa kufunga na kufungua mizigo. Kabla neno mtumba halijawa nguo kuukuu, lilikuwa mzigo uliofungwa kwa ajili ya msafara, robota la vitambaa au shanga la kukaa begani kwa mpagazi kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani hapa kwetu, na kuendelea Ujiji. Njia nzima watu waliusoma mzigo kwa nje. Watemi waliotoza hongo waliuona kwa nje, na wanyang'anyi nao vivyo hivyo.

Fika Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, kwenye tembe alimoishi mmisionari David Livingstone hadi tarehe 25 Agosti 1872 alipoondoka kwenda kusini na asirudi akiwa hai. Watu wengi huenda pale kuitazama ile nyumba ya udongo na kuondoka. Mimi napenda kusimama nje na kufikiria Oktoba 1873, pale watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walipowasili hapo wakiwa wamebeba mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Walikuwa wameukausha, wakauzungushia kaniki na magome ya mti, wakaushonea turubai juu. Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza waliyemkuta Kwihara, aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa.

Walipofika Kasekera, kwenye njia ya pwani, wenyeji wakagoma maiti isipite katika nchi yao. Basi wakafanya jambo ambalo kila fundi picha anapaswa kulisoma mara mbili. Waliufungua mzigo, wakatoa gome, wakaufunga upya mpaka ukafanana na mtumba wa kawaida wa vitambaa. Halafu wakakata mabua ya mtama ya urefu wa futi 6 hivi, wakayafunga na kuyavika sanda kama maiti inayokwenda kuzikwa. Watu sita wakaubeba mzigo huo wa mabua kwa heshima zote kurudi upande wa Unyanyembe, kila mtu akiwaona. Walipofika mbali wakayatawanya mabua porini usiku na kurudi mmoja mmoja kwa wenzao. Wenyeji wakaridhika kwamba maiti imerudishwa. Mtumba wa vitambaa ukapita, ukafika Bagamoyo mwezi Februari 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Wale waungwana walijua kwamba kifungashio ni kazi ya pili, ina mkono wake na wakati wake, na kwamba ukibadilisha cha ndani lazima ukae chini ufunge na cha nje upya. Walifanya hivyo juani, kwa sindano na kamba, wakiwa wamechoka na wagonjwa. Sisi tunashindwa na kitufe.

Baada ya kumwamini mteja, chunguza ni kijipicha kipi kinachomsumbua, kwa maana kuna cha aina ya pili kisichomo ndani ya faili kabisa. Hiki hutengenezwa na kompyuta yako mwenyewe. Ukifungua folda yenye picha 800 za harusi, kompyuta haiwezi kuzisoma zote kila siku, hivyo huzichora mara moja katika udogo na kuziweka ghalani. Enzi za Windows XP ghala hilo lilikuwa faili lililofichwa ndani ya kila folda, likiitwa Thumbs.db, na wengi wetu tulilikuta kwenye flashi tukadhani ni virusi. Tangu Windows Vista ghala limehamia sehemu moja kwa kila mtumiaji. Kwenye kompyuta za Linux huwa ni folda iliyofichwa yenye vipicha vya PNG, na kila kimoja kimeandikwa ndani yake lini faili lake la asili lilibadilishwa mara ya mwisho. Simu nyingi za Android zilikuwa na folda ya .thumbnails ndani ya DCIM, ambayo watu huifuta kila wanapoishiwa nafasi bila kujua ni ya nini.

Kosa la ghala huja kwa njia ya saa. Kompyuta ikitaka kujua kama kijipicha bado ni cha kweli, hutazama muda wa faili, si sura iliyomo. Ikiwa umehariri kwa programu iliyopangwa kulinda tarehe ya asili, au umenakili faili jipya juu ya la zamani kwa jina lile lile na muda ule ule, kompyuta huona saa hazijabadilika na kukuletea picha ya jana. Hili halina madhara kwa mteja, kwa sababu ghala halisafiri na faili. Dawa yake ni jina jipya: mahafali.jpg iwe mahafali_2.jpg, na kijipicha kitachorwa upya mbele ya macho yako. Ukitaka kusafisha ghala zima kwenye Windows, ingia kwenye usafishaji wa diski, weka tiki kwenye vijipicha, futa. Vitajijenga tena vyenyewe.

Namna ya kutofautisha aina hizi mbili ni rahisi. Litumie faili hilo kwenye kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuliona. Kijipicha cha zamani kikitokea na huko, kimo ndani ya faili. Mdogo mtu wa Mwanza alikuwa ametufanyia jaribio hilo bure, na ndiyo sababu nasema aaminiwe.

Kuna mkasa wa tatu, ambamo mambo hugeuka. Hapa kijipicha ni kipya na faili ni la zamani, nao ndio uliowaliza vijana wengi waliohamia programu za kisasa. Lightroom haigusi faili lako la asili hata kidogo. Kila unachofanya, kukata, kung'arisha, kuondoa chunusi, huandikwa kama maagizo kando, kwenye katalogi au kwenye faili dogo la XMP linalokaa jirani na picha. Unachokiona kwenye kioo ni picha ya asili iliyopakwa maagizo hayo. Picasa, ambayo Google iliacha kuiendeleza mwaka 2016, nayo ilikuwa ikiweka marekebisho kwenye faili lililofichwa mpaka ubonyeze hifadhi. iPhone huandika ya kwake kwenye faili dogo lenye mwisho wa AAE. Basi kijana anamaliza kuhariri usiku kucha, anachomeka flashi, anaburuta picha kutoka kwenye folda, anapeleka kuprinti, na zinatoka vilevile zilivyopigwa, na shemeji mzima, bega chini, mkono mfukoni. Kabla ya kuburuta chochote, toa nakala mpya kwa kitufe cha kutolea nje, ndani ya folda mpya, na flashi ichukue kutoka folda hiyo tu.

Kijipicha kilicholala ubavu wakati picha imesimama ni tatizo la alama ya mwelekeo, ambayo programu moja huisoma na nyingine huipuuza. Kijipicha kilichofifia rangi mara nyingi ni picha ya Adobe RGB iliyotazamwa na programu isiyoijua, na ukibadilisha kuwa sRGB mambo huisha. Na tafadhali usichague picha za albamu kwa kutazama vijipicha, kwani udogo huficha macho yaliyofumba na mikono iliyotikisika. Bwana harusi hatakusamehe.

Turudi kwenye picha ya mama. Iko programu ya bure iitwayo ExifTool, iliyotengenezwa na Mkanada Phil Harvey, na ningetamani kila studio ya Tabora iwe nayo. Haina madirisha wala rangi, unaiandikia amri. Kukitoa kijipicha ukitazame unaandika exiftool -b -ThumbnailImage mahafali.jpg > ndogo.jpg, kisha unafungua ndogo.jpg kama picha nyingine yoyote. Kukifuta unaandika exiftool -ThumbnailImage= mahafali.jpg, na alama ya usawa isiyofuatwa na kitu ndiyo inayosema "pasibaki kitu." Kamera nyingine huficha picha ya pili ya ukubwa wa kati mbali na hicho kijipicha, kwa hiyo kwa kazi nyeti mimi hutumia exiftool -all= mahafali.jpg, inayong'oa maelezo yote. Ila izungushe picha isimame sawasawa na uihifadhi kwanza, kwa sababu alama ya mwelekeo nayo itang'oka na picha inaweza kulala. Na angalia folda ukimaliza. Programu hii kwa uangalifu wake hubakiza nakala ya zamani yenye jina mahafali.jpg_original, na humo shemeji bado amesimama. Usiipeleke hiyo.

Asiye na ExifTool afungue picha aliyoikata, achague yote, anakili, afungue karatasi mpya tupu, abandike, ahifadhi kwa jina jipya. Karatasi mpya haina baraza la zamani. Kwa simu, njia fupi ni kuituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana huko hubanwa upya na maelezo ya Exif huondolewa, ingawa ubora hupungua. Kama dokumenti, faili hupita kama lilivyo, herufi kwa herufi, na ndiyo maana sisi watu wa studio tunapenda dokumenti. Sifa ile ile tunayoisifia ndiyo iliyombeba shemeji mpaka Mwanza.

Pamoja na kijipicha, liangalie baraza kwa ajili ya mahali. Simu iliyowashwa utambuzi wa mahali ikipiga picha Tabora huandika digrii 5 kusini na karibu digrii 33 mashariki, ikiendelea kwa tarakimu nyingi baada ya nukta mpaka kufikia mlango wa nyumba. Mwanamke aliyemtoa mtu pichani mara nyingi hataki mtu huyo ajue anaishi wapi siku hizi.

Atakayeona nakuza mambo akumbuke kwamba mwaka 2003 mtangazaji mmoja wa televisheni Marekani aliweka hadharani picha zake alizozikata kwa staha, na watu wakatoa vijipicha vya ndani ya mafaili wakaona yote aliyoyakata, na mpaka leo yamesambaa. Na Machi 2023 ikagundulika kwamba chombo cha kukatia picha kwenye simu za Google Pixel kilikuwa kikiandika picha fupi juu ya ndefu bila kukata mkia, hivyo sehemu ya kilichokatwa iliweza kurudishwa. Simu zilirekebishwa. Picha zilizokwisha kutumwa haziwezi kurekebishwa na mtu yeyote. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mteja wako ni taarifa yake, sio yako.

Siku ile nililisafisha faili mbele ya mama, nikatengeneza kijipicha kipya, nikamkuzia aone. Watu wawili. Akaniambia nikuze tena, nikakuza, akapitisha kidole kwenye kioo upande wa kulia, palipokuwa bega. Hapakuwa na kitu ila ukuta wa shule. Tukampigia mdogo wake, nikamwomba afute faili la kwanza, asiliache hata kwenye pipa la taka la kompyuta, ndipo nikamtumia la pili. "Nje wawili, ndani wawili," alisema, na mama ndipo akakaa vizuri kwenye kiti na kuomba maji.

Ndugu msomaji, kama umewahi kumkata mtu pichani ukaituma picha hiyo kama dokumenti, kitoe kijipicha leo ukitazame. Ukimkuta bado yumo, mpigie uliyemtumia, mwombe afute faili la kwanza, kisha mtumie lililosafishwa.